Mikia ya Danggui

"Mikia, Baba Peizhi. Umempelekea mtoto mikia."

"Nimempelekea danggui. Ulisema danggui, nikaweka danggui."

"Nilisema kiwiliwili. Nilikikata mwenyewe, nikakifunga kwenye karatasi juu ya kabati. Wewe ukachukua mfuko wa dirishani."

Mume wangu akageuka kulitazama dirisha kana kwamba ule mfuko ungerudi kumtetea. Mikia ile ilikuwa yake, ya kulowekea kwenye pombe na kujichua goti. Mtu wa Minxian huyu, kazaliwa katikati ya mashamba ya danggui, kalima mizizi hiyo ya dawa, kaikausha kwa moshi, kaiuza. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: kichwa cha mzizi huzuia damu, kiwiliwili huijaza, mkia huisukuma itembee. Na binti yetu, aliyeharibikiwa na mimba mwezi uliopita huko Ningbo, damu ilikuwa ndiyo kwanza imekatika.

"Nilikuwa na haraka," akasema. "Mtu wa vifurushi alikuwa nje anapiga honi."

"Angepiga mpaka achoke."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini. Tambi unazokula zinatoka wapi?"

Simu ilikuwa mezani, imeegemea chupa ya siki, na Peizhi alikuwa akitutazama kutoka ndani yake. Midomo yake ilikuwa myeupe kama unga.

"Mkimaliza mniambie," akasema. "Nimewaambia tu kwamba damu imerudi. Si nyingi. Sikutaka mpigane."

"Hatupigani. Supu ya hiyo mikia imwage. Leo hii nenda hospitali wakuangalie. Vidonge vya kuongeza damu unameza?"

"Nameza."

"Endelea kumeza. Supu inakaa kando ya daktari, haikai kwenye kiti chake."

"Hakuna cha kumwaga, Mama. Nimeinywa yote."

Nikaisogelea simu. Huyu msichana, tangu aanze kazi huko, vifurushi vyangu vyote huwagawia wenzake ofisini. Kunazi nyekundu nilizozitoa kokwa moja moja, maana kokwa zinaleta joto mwilini, alimpa dada wa mapokezi. Sikukuu ya mwaka mpya haji. Usiku wa mkesha tunamwekea bakuli na vijiti vyake mezani, halafu baba yake anavirudisha kabatini bila kusema neno.

"Si ulikuwa huipendi?" nikamuuliza.

"Bado siipendi. Chungu."

"Sasa?"

Akatazama pembeni. "Nilipochemsha mara ya kwanza, nyumba nzima ikanukia kama uani kwetu. Ule wakati wa kupukutika majani, mizizi ikiwa juu ya moshi. Nikapata usingizi. Nilikuwa sijalala vizuri tangu hospitali. Basi nikawa nachemsha kila siku, nanywa ili nisiimwage."

Baba yake akainuka, akatoka uani kama mtu aliyekumbuka kazi. Nikamsikia akipenga kamasi.

"Nakuja," nikasema.

"Mama, tulishaliongea hili. Chumba ni kimoja. Na wewe utanifungia ndani mwezi mzima, kama mila ya waliojifungua, hata kuoga usiniruhusu. Nitapata wazimu."

"Utaoga. Maji ya moto, na nywele uzikaushe."

"Mama yako angekusikia."

"Angenizaba kofi."

"Na dirisha?"

"La jikoni tu."

"Na kahawa ya barafu?"

"Usinijaribu."

Akacheka kidogo. Kisha uso ukamharibikia, akaziba kioo cha simu kwa mkono. Nikabaki natazama kiganja chake kilichopauka. Kiganja hicho nilikiosha mimi kilipokuwa hakiwezi kushika hata kijiko.

"Sijakuomba uje," akasema nyuma ya mkono.

"Najua hujaomba. Mpigie rafiki akupeleke hospitali. Usiende peke yako."

"Mama."

"Sema."

"Njoo na kile kiwiliwili."

"Siji na kitu. Daktari akuangalie kwanza, halafu tutajua cha kuchemsha."

Nilipokata simu, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kuku mweusi yuko kwapani.

"Mchukue huyu," akasema.

"Kwenye treni?"

"Basi nimchinje. Si kazi kubwa."

"Treni ya Lanzhou, ya kuunganishia Ningbo, inaondoka saa hii hii, Baba Peizhi. Ningbo kuku wapo."

"Kuku wa Ningbo." Akamweka chini polepole. "Mwambie sikukusudia."

"Anajua. Utamwambia mwenyewe. Washa guta."

Nikavaa koti, nikatia kitambulisho na chaja mfukoni, nikapanda nyuma. Njiani nikampigia bosi wangu kumwambia nachukua likizo kuanzia leo. Akaanza kuuliza mpaka lini, nikamwambia barabara ni mbovu, simsikii. Mume wangu aliendesha guta lile kama hajawahi kuwa na goti bovu.

Treni ilikuwa imeshaingia. Nikapanda.