Stika ya Dhahabu kwenye Kielelezo C

Wakili Royce Tollefsrud wa Duluth, Minnesota, alikuwa na ugonjwa ambao hospitali hazina dawa yake: alipenda stika. Zilikuwa stika za vielelezo vya mahakamani, za mviringo, rangi ya dhahabu, pana kama kisahani cha kikombe, zenye mizani katikati na jina lake limezunguka ukingoni. Alichapisha elfu mbili. Wakati huo mahakama za jimbo zilikwisha kuachana na makaratasi, kila kitu kikiwasilishwa kwa mtandao, na maelekezo ya mahakama yalikuwa mepesi hata kuchosha: kila kielelezo kitanguliwe na ukurasa wenye herufi yake na maelezo mafupi, basi. Dhahabu haikutajwa popote.

Marlys Haugdahl, msaidizi wake kwa miaka ishirini na sita, ndiye aliyeyajua maelekezo hayo kama anavyoijua njia ya kwenda kwake. Ndiye aliyeskani, aliyepanga, aliyeandika herufi, aliyebembelezana na makarani. Wakili alitia sahihi tu. Siku alipomwonyesha stika zile kwa mara ya kwanza, Marlys aliziangalia kwa muda kisha akasema, "Ni za aina yake." Huko kwao mtu akikwambia kitu chako ni cha aina yake, kashakutukana. Wakili akashukuru.

Jumatatu ile ya Februari, Marlys alikuwa kwa daktari wa meno, na wakili akaamua kumwonyesha kila mtu kwamba naye ni mtu wa kisasa. Akawasilisha vielelezo mwenyewe, kwa akaunti yake mwenyewe, katika kesi ya sauna ya mzee Eino Kallunki.

Mzee Eino alikuwa na miaka themanini na moja. Sauna yake, kibanda cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, ilijengwa na baba yake kwa magogo, nyuma ya nyumba, na ukuta wake mmoja uliingia futi mbili kwenye kiwanja cha jirani. Kwa miaka sitini na zaidi hakuna aliyejali. Kisha akaja Preston Wexler kutoka Chicago, akajenga nyumba ya vioo hapo jirani, akaona moshi wa sauna unaichafua mandhari yake. Akashtaki: ukuta ubomolewe. Na sauna ukiibomolea ukuta mmoja, umeibomoa yote.

Kinga ya mzee ilikuwa karatasi moja. Mwaka 1961, Hjalmar Sandquist, aliyekuwa na kile kiwanja zamani, aliandika barua kwa penseli ya useremala: sauna ya Kallunki ikae pale ilipo daima, yeye na watakaomfuata wasiiguse. Akatia sahihi chini kabisa, kona ya kulia. Barua ilihifadhiwa kwenye kopo la kahawa. Haikuwahi kunakiliwa, mzee aliikabidhi kwa wakili mkono kwa mkono, siku ya Ijumaa.

Jumanne saa tatu asubuhi Marlys alifika kazini, shavu bado limevimba, akakuta majibu ya upande wa pili. Yalikuwa mistari miwili. Kielelezo C hakina sahihi ya mtu yeyote; mahakama inaombwa isikitazame.

Akafungua kielelezo kwenye kompyuta. Maandishi ya penseli yalionekana vizuri, na chini, kona ya kulia, jua la dhahabu lilikuwa limechomoza juu ya jina la marehemu Sandquist.

Akaingia ofisini kwa wakili bila kubisha hodi.

"Bwana Tollefsrud, ile barua ya mzee Eino. Uliibandika stika?"

"Vizuri kabisa. Chini, kulia. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kwenye nakala?"

"Nakala ya nini? Kitu halisi kina hadhi yake, Marlys."

"Umeifunika sahihi."

Wakili akaitoa barua kwenye jalada, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena kana kwamba sahihi ingehamia upande wa pili kwa heshima yake. Kisha akaingiza ukucha chini ya stika, akavuta. Karatasi ikalia.

"Acha!" Marlys alimshika mkono. "Toa kucha zako hapo. Karatasi ina umri kukuzidi."

"Itoke basi! Mwisho wa kuwasilisha vielelezo ni lini?"

"Leo. Saa kumi na nusu jioni. Gundi gani hii?"

"Bora kuliko zote," alisema wakili, na kwa sekunde moja alijisahau, sauti ikajaa fahari. "Haiachii kamwe."

Marlys alivuta pumzi. Alijua cha kufanya kabla ya yote: kumpigia mteja na kumwambia ukweli. Wakili alipendekeza wangoje kidogo, labda mambo yatajitengeneza. Marlys alikuwa ameshabonyeza namba.

Mzee Eino alisikiliza mpaka mwisho. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo ilikuwa vigumu kujua kama amekasirika au amelala.

"Binti," alisema hatimaye, "hiyo stika imeshikwa na gundi?"

"Gundi, mzee."

"Basi ileteni. Sauna inawaka tangu asubuhi."

"Nilikuwa nafikiria mvuke wa birika."

"Birika linatema maji, litalowesha karatasi. Sauna inapumua. Njooni. Na huyo wakili aje, nataka kumwona usoni."

Walifika saa nane, theluji ikifika magotini. Mzee aliwapokea mlangoni pa sauna akiwa na taulo kiunoni na kofia ya sufu kichwani. Wakili aliingia na suti yake ya sufu, tai, na miwani yenye fremu ya dhahabu, kwa kuwa alisema hawezi kuvua nguo mbele ya mteja, ni suala la maadili ya taaluma.

"Vua hata koti, kijana, utaiva," alisema mzee.

"Niko sawa."

"Shauri yako."

Marlys, aliyebakia na blauzi tu, aliilaza barua kwenye ubao safi, juu ya benchi la kati ambako joto halikuwa kali. Penseli haiogopi mvuke. Hilo ndilo lililompa moyo. Mzee alichota maji, akamwaga kidogo juu ya mawe. Mvuke ukapanda, ukashuka, ukawafunika. Miwani ya wakili ikawa nyeupe tupu.

"Sioni kitu," alisema wakili.

"Hata kabla hujaingia hukuona," alijibu mzee, akamwaga tena.

Walingoja. Jasho lilimtiririka wakili kutoka kwenye nywele mpaka ndani ya viatu. Ukingo wa stika ukainuka kidogo, kama mtu anayeamka asitake. Wakili alinyoosha mkono. Marlys alimpiga kofi kidoleni bila kumtazama.

"Bado."

Mzee akamwaga mara ya tatu. Sasa Marlys aliingiza kisu cha siagi kilichofunikwa kitambaa, akasukuma pole pole, unywele kwa unywele. Pembeni pale wakili alipokwangua palikuwa pamechanika kipande kidogo, lakini baada yake ilitokea H, ndefu na imara, kisha jina zima, mpaka nukta ya mwisho. *Hjalmar Sandquist.*

Mzee Eino aliinama akaisoma. Kisha akavua ile kofia ya sufu.

Saa tisa na dakika hamsini Marlys alikuwa jikoni kwa mzee, na skana yake ndogo na kompyuta kati ya bakuli la supu ya mchele wa porini na sahani ya mkate. Wakili alikaa pembeni amezungushiwa blanketi, ananuka kama kondoo aliyenyeshewa.

"Ipe jina lenye uzito," alisema. "'Barua ya Ukweli Usiopingika'."

Marlys aliandika: *Kielelezo C (kilichosahihishwa). Barua ya H. Sandquist, 14 Juni 1961.* Akaongeza kiapo kifupi cha mzee kueleza barua ilivyokuwa alipoikabidhi na stika ilivyotoka. Akawasilisha kwa akaunti yake mwenyewe. Saa kumi na dakika nane mfumo ukajibu: kimepokewa.

Siku ya kesi, Jaji Corrine Aspenson aliwasha skrini yake, akakisoma kielelezo taratibu. Wakili wa Wexler aliitazama sahihi, akaomba aitazame tena, akaketi.

"Kazi safi," alisema jaji. "Nani ameandaa?"

Royce Tollefsrud alisimama, akafunga kifungo cha suti mpya. "Ofisi yangu, Mheshimiwa. Chini ya uongozi wangu mwenyewe."

Jaji alisogeza ukurasa. "Mfumo unaniambia kimewasilishwa na Marlys Haugdahl."

"Msaidizi wangu. Namwongoza katika kila kitu."

"Naona." Jaji alirudi kwenye kurasa za nyuma, na kwenye skrini kubwa ya ukutani, mbele ya ukumbi mzima, likachomoza jua la dhahabu lenye mizani. "Na hiki cha kwanza kimewasilishwa na Royce Tollefsrud. Hapa alikuongoza nani?"

Watu wa Duluth hawacheki mahakamani. Walikohoa, wote kwa pamoja.

Sauna ikabaki. Jumamosi iliyofuata mzee Eino alimwalika Marlys na dada zake wawili, akamwacha wakili apumzike. Walipofika walikuta mlangoni, juu ya komeo, kitu kinang'aa. Mzee alikuwa ameiokota stika ile sakafuni, akaikausha, akaipigilia msumari.

"Gundi yake," alisema, "haina maana kabisa."