Vipele vya Constantin

Kwetu sisi watu wa asili ya Kasai, mwanaume akiugua baada ya kula, hatuulizi amekula nini. Tunauliza mkewe amelala na nani. Msicheke. Babu zetu waliletwa huku Katanga kufanya kazi mgodini, wakasahau mengi njiani, lakini hili hawakulisahau. Mama yangu, Gertrude, mwenye rozari tatu na kiti chake cha mbele kanisani, analishika kuliko katekisimu. Linaitwa tshibawu. Mke akiguswa na mwanaume mwingine akanyamaza, kisha akaendelea kumpikia mumewe, chakula kile kinageuka ugonjwa. Dawa ni moja tu: mke asimame mbele ya ukoo, ataje jina la huyo mwanaume, mbuzi achinjwe, yaishe. Asipotaja, anarudishwa kwao mikono mitupu, na mtoto anabaki.

Basi mwezi wa kumi mwaka jana mdogo wangu Constantin akaota vipele.

Constantin anavunja mawe ya chokaa kule Kakontwe. Anakwenda kwa baiskeli, anarudi kwa baiskeli, mweupe vumbi tangu kope mpaka viatu. Jioni anakaa uani, mkewe Danielle anamwekea bukari, yaani ugali wetu, ya moto inayofuka mvuke, na sombe, kisamvu chenye pilipili, maana bwana mkubwa hali chakula kisichomtoa jasho. Kabla sahani haijafika nusu, shingo, kifua na mikono vinajaa vipele vidogo kama punje za ulezi. Anajikuna, anajisugua ukutani kama mbuzi. Saa moja baadaye ngozi ni safi, utadhani alikuwa anaigiza.

Mama anakaa ua huohuo. Aliona mara ya kwanza, akanyamaza. Akaona mara ya pili, akapiga ishara ya msalaba. Mara ya tatu akanipigia simu.

"Philo, Danielle iko naua mutoto yangu."

"Anamuua na nini, Mama?"

"Na bukari."

Nilicheka mpaka wagonjwa wodini wakageuza vichwa. Mimi Philomène nina miaka kumi na tisa ya unesi. Na ngozi ile naijua tangu mwenyewe ana miaka kumi na miwili, anarudi kutoka uwanja wa mpira wa shule huku analia kwa kuwashwa, mimi ndiye namfuta kwa kitambaa chenye maji baridi. Kila kiangazi, vumbi likiamka, alikuwa anapiga chafya mpaka pua inatoa damu. Majani yakianza kuchanua, macho yanavimba. Miaka yote hiyo hakuna aliyetamka tshibawu, kwa sababu nzuri kabisa: hapakuwa na mke wa kumtwika.

"Mama, ni joto," nikamwambia. "Akipata joto anatoka vipele. Tangu zamani."

"Joto iko kwa kila muntu. Vipele viko kwake yeye."

Akakata simu. Na mimi nikasema, haya, mimi sibishani na ujinga, unaweza kuniambukiza. Ninakaa upande mwingine wa mji, nina zamu zangu, nina mambo yangu. Kesho yake niliwasimulia wenzangu kazini kisa cha bukari inayoua, tukacheka tena.

Kule nyumbani hawakuwa wanacheka. Danielle alikatazwa kugusa chungu, sahani na hata kikombe cha mumewe. Alihamishiwa jiko la nje pamoja na Princesse, binti yao wa miaka miwili, juu ya mkeka mmoja. Na kwa vile sufuria haiwezi kuwashiwa moto kwa ajili ya mwanaume kabla mke hajasema, Constantin akawa analishwa mkate mkavu, ndizi na karanga. Mnaona akili hiyo? Mkate baridi, mwili baridi, hakuna kipele. Mama akatembea mtaa mzima akitangaza, "Mumeona? Tangu aache chakula ya ule mwanamuke, iko safi kama yai!" Vipele alivyovipata kila asubuhi kwenye mlima wa Kakontwe, akikanyaga baiskeli juani, Constantin hakumwambia mtu. Mdogo wangu ni mtu mwema. Ni mwema kama godoro, kila mtu anamlalia.

Kila siku, kabla ya saa mbili asubuhi, anakuja Baba mdogo Barnabé, ndugu wa marehemu baba yetu. Karani mstaafu. Ofisi imemwacha, yeye hajaiacha. Anakuja na tai shingoni na daftari kwapani, anaketi mbele ya jiko, anauliza, "Jina?" Danielle anajibu hana jina. Baba mdogo anaandika tarehe, anaandika "Hajasema," anapiga mstari kwa rula, anakunywa chai ya Mama, anaondoka. Rula, jamani! Kwa wazimu anahitaji rula.

Mwishowe nikachoka kuwacheka kwa mbali. Ijumaa moja nilimngoja Constantin barabarani anapotoka kazini, nikampeleka kwa daktari ninayefanya naye kazi. Daktari hakumgusa. Alimwonyesha ngazi za jengo, akamwambia, panda, shuka, panda, shuka, mpaka nikwambie basi. Dakika kumi. Constantin akarudi anahema, jasho linamtiririka, na vipele vile vile, shingoni, kifuani, mikononi, bila bukari wala Danielle.

"Umekula nini leo?" daktari akauliza.

"Mkate, docteur. Mukavu, ya asubui."

"Na chafya? Pua? Macho?"

Nikajibu mimi. Nikamweleza vumbi la chokaa, kiangazi, majani yanapochanua, yote tangu utoto. Daktari akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema ngozi hii inakasirikia joto la mwili na jasho. Akasema pia kwamba watu ambao miili yao inagombana na vumbi na chavua za maua wanaonekana mara nyingi kuwa na vipele vya namna hii, huenda mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, huenda hayana, waliosoma kuliko yeye bado wanabishana. Wengine wanaumwa zaidi wakati vumbi ni jingi. Yeye hawezi kuapa. Alichoweza kuapa ni kwamba hakuna mwanaume wa nje ndani ya vipele vile. Akaandika karatasi, akapiga muhuri, akatoa vidonge: kimoja kila jioni.

Tulipofika nje nilivichukua vile vidonge nikavitia mkobani mwangu pamoja na karatasi.

"Usinywe kwanza," nikamwambia Constantin. "Na usiseme neno. Ukoo unakutana Jumapili ya juma lijalo. Hapo ndipo tutawanyamazisha."

"Na Danielle, Yaya? Nimwambie?" Yaya kwetu ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto.

"Danielle akijua, uso wake utasema. Atulie kidogo."

Constantin akasema sawa. Angemjibu hata mbuzi sawa. Na mimi nikaenda nyumbani nimefurahi. Nilikuwa nakipanga kikao kile kichwani: Baba mdogo na rula yake, shangazi zangu wenye midomo, Mama katikati. Ningeweza kwenda kesho yake kumsomea Mama karatasi jikoni. Lakini Mama angesema karatasi ni ya Wazungu, na nani angemwona akisema? Nilitaka wamwone.

Jumapili ikafika. Baada ya misa ya pili ua ulijaa viti vya plastiki, watu kama ishirini wa ukoo, kila mmoja ameleta kiu yake. Mbuzi amefungwa kwenye mpapai anakula kitambaa cha mtu. Danielle ameketishwa katikati, juu ya mkeka, Princesse mapajani. Alikuwa amekonda. Nilimwona amekonda, na nikawaza, vizuri, itawaaibisha zaidi.

Baba mdogo akasimama, akakohoa kikarani.

"Danielle. Leo njo mara ya mwisho. Sema jina ya ule mwanaume. Kama haina jina, leo unarudia kwa baba yako Kapolowe, na mutoto anabakia. Mutoto ni ya ukoo."

Danielle alimtazama mtoto, akamtazama Constantin, ambaye alikuwa anachunguza kucha zake. Kisha akafungua mdomo. Mimi nilidhani anataka kulia, na sikutaka machozi yaniharibie, nikainuka haraka.

"Baba mdogo, subiri! Kabla ya jina, tumjaribu mgonjwa. Leo ale chakula cha moto kutoka mkono ambao hapa hakuna anayeutilia shaka. Mama apike."

Wakanong'ona. Mama alifurahi, masikini, aliona ninamheshimu mbele za watu. Akajifunga kitenge, akapuliza makaa mwenyewe, akasonga bukari kubwa, akamwagia sombe pilipili kwa mkono wa mtu asiye na hatia. Saa nane mchana, jua la mwezi wa kumi kichwani, Constantin akakalishwa pale katikati, akala. Tonge la tatu jasho likatoka. La sita akaanza kukuna shingo. La kumi, hata shangazi asiyeona vizuri alisogea na kiti chake. Vipele vilikuwa vimemjaa mpaka nyuma ya masikio.

Wote waligeuka kumtazama mpishi.

Na Baba mdogo Barnabé, mtu wa sheria, akafungua daftari lake, akavaa miwani, akasema kwa sauti ya huzuni, "Yaya Gertrude. Tangu kaka yangu atuache... iko jina unapenda kutuambia?"

Loo! Shangazi mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. Watu walicheka mpaka mbuzi akaruka. Mama alisimama na mwiko mkononi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba kama ya msichana.

"Ni jua! Hamuone mumemukalisha mu jua? Muntu yote anatoka vipele mu jua hii!"

"Ah bon?" nikasema. "Ni jua leo?"

Nikatoa karatasi. Niliisoma polepole, kwanza Kifaransa, kisha Kiswahili, muhuri nauelekeza kwa watu. Nilisoma habari ya joto na jasho, nikasoma ile ya vumbi na chafya. Nikasimulia ngazi. Nikamuuliza Baba mdogo kama ngazi za hospitali nazo zimezini. Nilimuuliza Mama bukari yake yeye ina mwanaume gani ndani. Kila swali lilipata kicheko, na kila kicheko kilinipandisha bega. Baba mdogo akafunga daftari akasema kikao kimeahirishwa. Mama alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge. Wacha nikiri: ilikuwa tamu.

Danielle hakucheka. Aliinuka na mtoto, akanijia, akanyoosha mkono.

"Unipatie ile karatasi, Yaya."

Nikampa. Nilitegemea atanikumbatia, hata nilikuwa nimefungua mikono kidogo. Alisoma, Danielle amesoma mpaka darasa la sita la sekondari, na jicho lake likasimama juu kabisa, kwenye tarehe.

"Ni ya Ijumaa ya juma ile ingine," akasema. "Ulikuwa nayo siku tisa?"

"Nilikuwa nayo. Nilitaka wote waone kwa pamoja, unaelewa? Ungeniona namna nilivyo—"

"Constantin alijua?"

Constantin alisogea hatua moja, vipele bado vinamwaka. "Yaya alisema ninyamaze," akasema. Danielle hakumtazama tena.

"Siku tisa nimelala mu jiko na mutoto," akaniambia, na sauti haikupanda hata kidogo. "Siku ya ine mutoto akashikwa na homa, Mama akasema ni tshibawu inapita kwake. Minye nikafikiri, kama nasema jina, bataniachia mutoto. Nikatafuta jina. Nikatafuta mwanaume asiye na bibi, juu mwanamuke mwenzangu asiteseke. Nilimupata. Jirani wetu, muntu ata salamu tunapeana kwa mbali."

Nikaishusha ile mikono niliyokuwa nimeifungua.

"Pale ulisimama, minye nilikuwa nafungua kinywa kutaja jina yake. Kama ungechelewa kidogo, leo ningekuwa nimejiita malaya mbele ya bantu yote, na ule mwanaume bangemupiga. Na karatasi iko mu sakoshi yako."

"Danielle, mimi ndiye niliyekuokoa," nikasema. Hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka. "Hawa ndio wajinga, hawa ndio—"

"Bale habakujua, Yaya. Weye ulijua."

Alinirudishia karatasi mkononi. Alifunga kitenge, akambeba Princesse mgongoni, akatoka getini kwenda kutafuta gari la Kapolowe, na katika ua mzima hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mtoto ni wa ukoo.