Ombi la Genoveva Kwenye Jumuiya

Genoveva alikuwa na mdomo, hilo hata mwenyewe hakatai. Lakini jamani, wiki tatu mume hasemi! Anakula, anakwenda kufundisha, anarudi, analala amegeukia ukuta. Mtoto wao mmoja, Hope, yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumba yao ya Gongo la Mboto ilipooza kama ya wafiwa.

Ugomvi ulianza na funguo. Genoveva alikwenda kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa, kule Mbezi Luis, akaondoka na funguo zote mbili. Mumewe, Revelian, akarudi kutoka kazini mvua inanyesha, akakaa kibarazani amelowa hadi giza likaingia. Mkewe alipotokea anacheka na simu, mwalimu alipandwa na hasira, akaupiga mlango teke mpaka ubao ukapasuka.

"Makubwa! Mwanaume mzima unapigana na mlango?" Genoveva akasema. "Kwani mie ndiye niliyeleta mvua?"

Mdomo uliponza kichwa. Tangu siku hiyo, kimya.

Ijumaa ya wiki ya tatu Revelian alinunua ubao, akautengeneza mlango mwenyewe, akaupaka rangi. Alipomaliza alisimama na brashi yake mkononi, akakohoa.

"Mama Hope, kesho wanajumuiya wakishasali na kuondoka, tukae tuongee."

Laiti Genoveva angesubiri! Lakini moyo wake ulikuwa umeshachacha. Wiki tatu ananinunia, aliwaza, leo ndiyo ananiita kikao kama mwanafunzi wake?

Jumamosi alfajiri majirani Wakatoliki walifika na rozari zao, maana zamu ya kusalia ilikuwa ya nyumba hiyo. Mzee Ferdinand, mwenyekiti wa jumuiya, alisoma Injili, kisha akasema mwenye ombi aombe. Mmoja akamwombea mgonjwa, mwingine akawaombea watoto wa mitihani. Ndipo Genoveva akafumba macho.

"Tumwombee baba wa nyumba hii, Mungu amwondolee hasira, maana anavunja mpaka milango. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!" wakaitikia wote kwa nguvu.

Macho yote yakageukia mlango ambao rangi yake ilikuwa bado inanuka. Genoveva alijisikia raha, raha kweli, lakini haikudumu. Alimwona mumewe ameinama, akaogopa.

Sala ilipokwisha, Revelian aligawa chai na mihogo, akawasindikiza wageni hadi barabarani akitabasamu. Aliporudi, Genoveva alikuwa tayari kwa ugomvi, majibu amejaa kinywani.

"Haya, tuongee," akasema.

"Umeshaongea," Revelian akajibu taratibu. "Nilitaka nikuombe msamaha kwa ule mlango. Mie na wewe tu. Umenianika mbele ya watu ninaowafundishia watoto."

Genoveva akamsogelea. "Nisamehe, baba Hope. Ni hasira tu."

"Nimekusamehe." Akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.

Na kweli, hasira ilikwisha. Chumvi ikizidi, anakula. Mkewe akichelewa, anasubiri. Kusema alianza tena, lakini ni "asante" na "pole na kazi", maneno ambayo mtu humpa yeyote. Akina mama wa jumuiya wakampongeza Genoveva: sala imejibiwa, mshukuru Mungu! Akaitikia amina, akaingia bafuni kulia. Alimtaka yule Revelian wa zamani, aliyekuwaga anafoka asubuhi na jioni anamtania kwa Kihaya.

Mwezi wa pili tangu sala ile, uvumilivu ukamshinda. Alichukua kikombe alichozawadiwa mumewe na wanafunzi wa kidato cha nne, akakipigiza sakafuni mbele yake.

"Nimekivunja makusudi!" akapiga kelele. "Gomba basi! Nifokee, baba Hope, nakuomba!"

Revelian alivitazama vile vipande. Akaenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio.

"Sogea kidogo," akasema kwa upole, "usije ukajikata."