Fyeka, Usipure

"Aliko, mpira si mpunga!" alifoka kocha Lusungu. "Unapura nini?"

"Leteni ungo tupepete!" wenzangu wakacheka.

Nilikuwa nimekosa mipira miwili ya besiboli. Nikikosa wa tatu, ningeachwa nje ya timu. Kila mara niliinua gongo juu na kulishusha kwa nguvu, kama marehemu baba alivyonifundisha kupura mpunga. Kuacha mtindo wake niliona ni kumsaliti.

Kocha alinisogelea, akashusha sauti. "Nyasi za kaburi la baba yako ulizikata kwa kutumia nini?"

"Fyekeo, kocha."

"Basi fyeka. Kiuno kianze, mikono ifuate."

Mpira ulipokuja, nilizungusha kiuno. Gongo lililia ko, mpira ukavuka migomba ya kando ya uwanja.

Sikushangilia. Nilisimama, gongo mkononi, kama nilivyosimama na fyekeo siku ile kaburini kwa baba.