Mawifi Wawili na Gari Lililokata Pumzi

Muuguzi hakuwahi kulipenda lile gari. Mumewe alilinunua kabla hawajaoana, likiwa tayari limekula chumvi: gari la spoti la milango miwili, limeinama chini utadhani linatafuta kitu kilichodondoka, na taa zake za mbele zilifumba na kufumbua kama macho. Kuingia ndani ilibidi uketi kwanza, halafu uvute miguu mmoja mmoja. Kutoka ilibidi uombe mkono. Kila alipolitazama pale bandani, Muuguzi aliona kitu kimoja tu, nafasi nzuri ya kuanikia nguo siku za mvua.

Na sasa hata nguvu lilikuwa limeishiwa. Zamani, mumewe alipenda kusimulia, ukikanyaga mafuta tu ile tabo, lile feni dogo linaloshindilia hewa ndani ya injini, ilikurusha mpaka mgongo ukagandana na kiti. Siku hizi gari lilipanda mlima wa hospitali likihema kama mtu mwenye pumu. Siku moja mwendesha baiskeli, tena mwenye trei za mayai nyuma, aliwapita hapo hapo mlimani na kuwapungia mkono.

Hilo la mayai ndilo lililommaliza mume. Walipofika nyumbani akasema basi, amenyoosha mikono. Akapatana na mtu wa vipuri aje Jumamosi alichukue, akalikate vipande. Kisha akasafiri kikazi. Muuguzi, aliyeisubiri siku hiyo tangu harusi, alijishangaa moyo wake ulivyoingia unyonge alipomwona mumewe, begi mkononi, akilipigapiga gari boneti kwa kiganja, kama mtu anayemuaga ndugu aliyelazwa.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko, akaona angalau liondoke safi. Akaliwasha, akalitoa bandani, akaliacha likinguruma huku akijaza ndoo. Hapo ndipo akasikia mlio mwembamba chini ya ule mngurumo, kama mtu anayenyonya jino. Kazini kwake, chumba cha upasuaji, mlio wa namna ile humfanya kila mtu ageuke. Hewa ilikuwa inapita mahali isipotakiwa kupita. Akafungua boneti na kuinama, sikio mbele, hadi akaufikia: mpira mwembamba mweusi, mmoja kati ya mingi iliyojipinda juu ya injini kama tambi zilizomwagika. Akaugusa kwa kidole. Ukavunjika kama biskuti. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikazima.

Muuguzi alisimama na kipande cha mpira mkononi, akijua kabisa kuwa ameliua gari la mtu. Akampigia simu wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Betri kwa sababu chaji yake haikuwahi kuisha. Alifika utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akaeleza kwamba amemwacha mteja dukani na mkono mmoja wa gauni, na kwamba mteja mwenyewe ni mvumilivu. Akachungulia ndani ya boneti, akashika mpira mwingine, nao ukasagika. Wakatazamana.

"Wifi," akasema Betri, "sasa tumeua wawili."

Wakampigia fundi wa magari aliyelijua gari lile tangu lilipokuwa na rangi. Fundi alicheka kwanza, tena akacheka vya kutosha, ndipo akawaeleza. Hiyo ni mipira ya vakyumu, inayopitisha hewa ya kuiambia tabo lini ianze kazi na lini ipumzike. Ikizeeka, joto huikausha, ikapasuka, na tabo ikakaa kama mfanyakazi asiyeambiwa la kufanya. Huenda gari halina ugonjwa mwingine wowote. Yeye mwenyewe alikuwa na injini ya lori imefunguka mbele yake na asingeweza kuja, lakini kazi yenyewe haina uchawi: mpira mpya uwe na unene ule ule na urefu ule ule wa zamani, na watoe mmoja, waweke mmoja. Wasithubutu kutoa miwili kwa pamoja. Hilo alilirudia mpaka Betri akamuuliza kama anaongea na watu au na ukuta.

Duka la vipuri lilikuwa na mipira ya silikoni ya unene huo, laini na ya kustahimili joto. Rangi ilikuwa moja tu, waridi iliyokoza, ya peremende. Muuguzi alisita. Betri alikuwa ameshaikumbatia.

Wakaanza kazi baada ya chakula cha mchana. Muuguzi alivaa glavu zake za kazini na kuchana kila mpira wa zamani kwa wembe, taratibu, ili asivunje vijibomba vya plastiki vilivyoshikilia ncha zake. Betri akaupima kwa utepe na kukata mpya. Alipima kama anavyopima wateja, akiongea nao. Huyu kiuno chembamba, tumwachie nafasi ya kushiba. Huyu mgongo umepinda, tusimbane. Muuguzi akachovya ncha katika kikombe cha maji ya moto ilainike, akaisukuma mahali pake, akaivisha kibano. Mmoja ukaingia. Wa pili ukaingia. Kufika wa tano, vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na akajikuta anataka kujua huu unaenda wapi, ule unatokea wapi, kwa nini huyu kapita chini ya mwenzake. Nyumba nzima ya mishipa, na yeye miaka yote alifikiri ni bati na kelele.

"Unatabasamu," Betri akamwambia.

"Nimekunja uso kwa jua."

"Jua liko nyuma yako, wifi."

Kisha Betri akaanza kusimulia habari za kaka yake alipokuwa mdogo. Gari lake la kwanza lilikuwa boksi la sabuni na usukani ulikuwa mfuniko wa sufuria. Alikuwa hali chakula mpaka mtu ainuke amfungulie geti, na geti lenyewe halikuwepo. Baba yao, mtu mzima na heshima zake, mwajiriwa wa serikali, aliinuka kila jioni na kufungua hewa kwa mikono miwili, akisubiri mtoto apite na boksi, kisha akaifunga. Jioni moja alisahau kuifunga, na mtoto akalia kwamba wezi wataingia.

Muuguzi hakuwa amewahi kulisikia hilo. Alimwona mumewe, mrefu vile, na kitambi kinachoanza, anaburuta boksi sebuleni, na kicheko kikamshika kuanzia tumboni. Akajiegemeza kwenye injini asianguke. Betri naye akawa amechuchumaa kashika mbavu. Walipojifuta machozi, Muuguzi aliona mkono wake umeshika mipira miwili ya zamani, yote miwili imechomoka pande zote.

Akaiinua juu wifi yake aione.

"Fundi alisema nini kuhusu miwili?" akauliza.

"Sikumbuki," akajibu Betri. "Nilikuwa naongea na ukuta."

Wakakisia. Huu ulikuwa kulia, ule kushoto, au vinginevyo. Wakamaliza iliyobaki kwa adabu sana, bila hadithi, na Muuguzi akajipenyeza nyuma ya usukani akawasha. Gari likapiga yowe. Hakuwa amegusa mafuta, lakini injini ilipanda na kupanda kama ndege inayotaka kuruka, kuku wa jirani wakapanda ukuta, na Betri akaruka nyuma akaketi ndani ya ndoo ya maji. Muuguzi akazima. Alipotoka, bila kuomba mkono wa mtu, alimkuta wifi yake bado amekaa ndooni, ametulia kama yuko kwa mwenyekiti wa mtaa anasubiri kuitwa.

"Tumeichanganya," akasema Muuguzi.

"Umeichanganya. Mimi nilikuwa nacheka tu."

Wakaibadilisha ile miwili, wa kulia ukaenda kushoto. Gari likawaka, likatikisika kidogo, likatulia. Ule mlio wa kunyonya jino haukuwepo tena. Injini ilinguruma chini kwa chini, raha mustarehe, na Muuguzi akaweka kiganja juu ya bati akasikia lilivyotulia.

Haikuwezekana kuishia hapo. Betri, kalowa hadi magotini, alitandika mfuko wa plastiki kitini akaketi. Wakatoka polepole, wakapita duka la Betri, ambako mteja alikuwa mlangoni na mkono wake mmoja wa gauni akawapungia kwa huo huo, wakafika chini ya mlima wa hospitali. Barabara ilikuwa tupu. Muuguzi alikanyaga mafuta kwa heshima, kama alivyozoea. Hakuna. Akakanyaga zaidi. Mbele yake mshale wa geji ya tabo, ambao tangu aolewe hakuwahi kuuona umeinuka, ulitetemeka kama mtu aliyeitwa jina usingizini. Kisha ukapanda.

Kitu kikawasukuma mgongoni. Hakikuwa na haraka, kisha kikawa nayo yote. Mlima ukawajia, feni likaimba kama birika linalokaribia kuchemka, miti ikaanza kurudi nyuma, na kilemba cha Betri kikatoka dirishani kikaenda zake. Muuguzi alisikia mtu anapiga kelele za furaha na akashangaa ni yeye. Walipofika juu, mlango wa hospitali ukapita kushoto na mlinzi kasimama mdomo wazi.

Muuguzi akapunguza mwendo, akaegesha. Mashavu yalimuuma kwa kucheka.

"Tumesahau kitu kule chini," akasema.

"Kipi?"

"Sijui. Turudi tukakitafute."

Walikitafuta mpaka tangi likaonyesha njaa.

Jumamosi wakaenda stendi kumpokea mume. Alipoliona gari uso ulimshuka, akadhani ni heshima za mwisho. Akanyoosha mkono apewe ufunguo. Mkewe akamwambia aingie upande wa pili afunge mkanda. Betri alikuwa amejikunja nyuma kwenye kile kiti kisicho kiti, magoti masikioni, kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mlimani Muuguzi akakanyaga. Mumewe akashika mlango, akashika dashibodi, mwishowe akashika kichwa, na akacheka kicheko chembamba cha kitoto ambacho mkewe hakuwahi kukisikia.

Nyumbani wakamkuta mtu wa vipuri amefika, lori lake la kuvutia magari limeziba njia. Mume akamwomba radhi, akamfungulia boneti aone kilichotokea. Mtu wa vipuri aliangalia ile mipira ya waridi muda mrefu, akaangalia wanawake wale wawili, akaomba alisikie mara moja tu. Muuguzi akamchukua mpaka juu na kumrudisha. Alishuka kofia imegeuka nyuma mbele, akapanda lori lake bila kuaga, akaondoka akiwa anatabasamu peke yake.

Jumatatu mume alitoka kuoga akakuta ndoano ya ufunguo haina kitu. Mezani chai ilikuwa imefunikwa, moto. Akatoka nje na taulo lake na kusikiliza: kwa mbali, upande wa mlimani, birika lilikuwa linakaribia kuchemka, na zamu ya mkewe ilikuwa bado sana kuanza.