Bomba Lililolowa

…na kwa bahati njema mdomo wa Okjin ulikuwa na kazi, alikuwa ameubana utepe wa ganda kwa meno kama wafanyavyo wote wanapotaka mikono miwili ya kushikia bua, na mtu mwenye ganda mdomoni hadaiwi jibu, hata swali liwe jepesi namna ile, hata muulizaji awe Mzee Pyo, jirani yake wa mpakani, aliyekaa mbele yake kwenye gunia na kumuuliza bila ukali, kwa sauti ya mtu anayeulizia miwani yake, "Mama Sejin, mimi na wewe tunatenganishwa na mtaro tu, hukuniona siku ile nikipulizia dawa pilipili? Ukisema uliniona, napanda gari la Chunmi leo hii, sibishani tena," kisha akangoja, na Chunmi naye, binti wa Mzee aliyetoka mjini Daegu asubuhi kumchukua, alikuwa akingoja, amesimama pembeni ya turubai la bluu na ufunguo wa gari mkononi, na Okjin akazidi kuuma ganda hadi likatoa maji machungu ulimini, akalivuta bua polepole, polepole kabisa, maana bua likiisha atatema, na akitema atasema, na aseme nini, aseme nini mbele ya watu hawa wote waliokuja tangu alfajiri kumsaidia kumenya mavuno yake…

Bua lilikuwa refu, Mungu alibariki, mwaka huu mabua yalikuwa yamemzidi kimo yeye na nusu yake, na mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye kasha la chuma walimoyapikia, bangi ya nyuzi, ile yenye kibali, inayovalisha wafu na walio hai na isiyomlewesha hata mbuzi, ingawa serikali haiiamini hata kidogo, bwana afya aliletwa juzi kushuhudia majani yakifukiwa, akahesabu marundo, akachungulia hadi ndani ya ndoo, kijana mpole, alikuwa akitafuta jani lililofichwa mfukoni mwa mtu na Okjin akasimama pale karibu naye akijua kwamba kilichofichwa hakipo mfukoni… "Mwache mwenzio ateme kwanza, Mzee, unamhoji utadhani polisi," alikuwa akisema Bibi Bongnam, mwenyekiti wa kikundi chao, mikono yake ikimenya bila kutazama, "na wewe unaogopa nini nyumba ya wazee ya Daegu, uji unaletewa kitandani, wasichana wanakuogesha," na Mzee Pyo akajibu, "Waniogeshe mimi nimekuwa gari?", wakacheka, Okjin naye akacheka kwa pua, akajisikia akicheka, akajichukia.

Ulikuwa upepo, ndivyo walivyosema, siku majibu ya maabara yalipokuja na kuonyesha chembe za dawa ya dukani kwenye majani ya shamba la Okjin, la Okjin peke yake kati ya kaya tano za kikundi, Bibi Bongnam akaisoma karatasi, akaisoma tena, akauliza, nani hapa amechezea kilimo hai chetu, kisha akasema mnunuzi amepiga simu, amesema kama dawa imeletwa na upepo wa jirani watapima upya na kusamehe, ila kama ni mkono wa mkulima mwenyewe basi kikundi kizima kinatoka, wote watano, na wale wanne wakamtazama Okjin, na Okjin hakusema uongo, hilo alikuwa akijiambia kila siku akiosha vyombo, hakusema neno hata moja la uongo, aligeuza tu shingo akatazama upande wa pilipili za Mzee Pyo, kutazama tu, kwani shingo ikigeuka ni dhambi, na Bibi Bongnam akasema, "Aha," basi, likaisha, Mzee Pyo akaitwa, akakana, akakana kwa nguvu siku ile, "Nilimuahidi huyu mama sitapulizia, na sijapulizia," na ni kweli alikuwa amemuahidi, mwanzo wa majira, Okjin alipokwenda kwake na tofu ya moto kwenye bakuli kumwomba, Mzee, shamba lako liko juu ya langu, ukipulizia mimi nimekwisha, na yule mzee akala tofu yote, akajifuta mdomo, akasema, "Pilipili zangu zitavumilia," nazo hazikuvumilia, vidukari vikazikunja majani, na kila asubuhi Okjin akimwona kutoka kwenye mtaro, amechuchumaa na yale magoti yake, anafuta jani moja baada ya jingine kwa kitambaa, anafuta, anasogea, anafuta, na mtu anayefuta majani ya shamba zima kwa kitambaa ndiye huyo wakasema ameamka alfajiri akapulizia kwa siri…

Mpira wa bomba la kupulizia la Okjin ndio uliopasuka, siku ile ya joto, na dawa yake ya majani ya mti wa ginko na vitunguu saumu ilikuwa imeshachacha vizuri, ikilala mpaka kesho inaharibika, na Mzee Pyo alikuwa amekwenda kuchomwa sindano za magoti, bomba lake liko palepale msumarini chini ya upenu, ukiwa jirani huombi bomba kama vile huombi chumvi, unachukua, unarudisha, akalichukua, akalisuuza kwenye bomba la maji la Mzee, mara moja, ya haraka, na lilikuwa likinuka, ndiyo, pua yake iliisikia dawa ya dukani ya mwaka jana ndani ya lile tangi, iliisikia wazi, akaiambia pua inyamaze, jua linapanda, akapulizia shamba zima, akalisuuza tena, akalirudisha msumarini, na jioni alipompelekea Mzee matango ya kuchachusha akasahau kumwambia, alisahau kweli, mpaka majibu yalipokuja ndipo akakumbuka, na kuanzia hapo hakusahau tena hata usingizini, akawa anampelekea kimchi, anampelekea supu, anamfulia mablanketi, na yule mzee anazunguka kijiji kizima akisema hana binti kama Mama Sejin, na leo asubuhi Chunmi aliposhuka garini kitu cha kwanza alimwinamia Okjin hadi kiunoni, "Dada, ahsante kwa kumwangalia baba," na Okjin naye akainama, vichwa vyao vikakaribia kugongana. Angesema. Alishapanga kusema, baada ya mvuke, halafu baada ya kumenya, baada ya kupima upya, wakishasamehewa, Bibi Bongnam akishaezeka paa lake, tarehe ikawa inasogea mbele kila akiifikia, na zaidi ya yote aliwaza, ni tone la dawa tu, ni lawama ya upepo, mzee wa miaka ile anadhurika nini na lawama ya upepo…

"…sasa Baba, usimsumbue Dada Okjin, anafanya kazi yake," alikuwa akisema Chunmi, amechoka, sauti imekauka, na Okjin hakusikia yote kwa sababu bua lilikuwa limefika nusu na alikuwa akiangalia nusu iliyobaki, "si wewe mwenyewe uliyenipigia simu ukilia, ukaniambia bomba umelikuta limelowa," na mkono wa Okjin ukasimama. Limelowa. "Nililikuta limelowa, ndiyo," alisema Mzee Pyo, hakuwa akimwambia mtu, alikuwa akiyaambia mabua, "nimetoka kuchomwa sindano, nikapita upenuni, nikaliona linadondosha maji, na mkanda umening'inia upande ambao mimi siuweki, nikasema watoto wamechezea, halafu yakaja yale majibu. Nikakaa nikawaza. Bomba langu, msumari wangu, naishi peke yangu, nani mwingine? Basi ni mimi. Nimepulizia na sikumbuki. Mama yangu alianza hivyohivyo, alikuwa anapika wali mara mbili." Akamenya kidogo. "Tangu hapo naogopa hata kuwasha jiko."

Hilo Okjin hakulijua, lile bomba linalodondosha maji hakulijua, maji yake yeye, ya suuza yake ya mwisho, alikuwa amefikiri Mzee aliacha kukana na kukubali lawama kwa uungwana, kwa ajili ya kikundi, kwa ajili ya tofu, aliwahi hata kumshukuru moyoni kwa uungwana huo, kumbe mzee alikuwa akikaa nyumbani kwake jioni akiutazama mkanda uliokaa upande mwingine na kujiambia nimeshaanza, nimeshakuwa kama mama, anaogopa jiko, ndiyo maana wiki hizi moshi haukuonekana na supu alizompelekea hazikupashwa moto, alikuwa akizila baridi, na mimi nikasema mzee anapenda vya baridi siku za joto, na leo yuko tayari kulala kwenye kitanda cha watu, sababu yake ni kamkanda nilikokatundika vibaya, hakuibiwa bomba, ameibiwa akili, zipo nzima zote, anazo, anakumbuka hadi upande wa mkanda, nani hapa kijijini anakumbuka mkanda wa bomba lake unakaa upande gani, na amezitoa kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ilimwia rahisi kujitilia shaka yeye kuliko kumtilia shaka jirani, kuliko kunitilia shaka mimi… na kaya tano, na mnunuzi, na Bibi Bongnam mwenye paa linalovuja ambaye atanitazama, atanitazama kesho na kesho kutwa na miaka yote, na Sejin atasikia huko chuoni kwamba mama yake ndiye, na bado kuna maneno mawili ya kumwokoa kila mtu isipokuwa huyu mmoja, ndiyo nilikuona, au hata, sikumbuki vizuri, Mzee, hilo ni jepesi zaidi, hilo hata si uongo mkubwa, sikumbuki, wangeniamini, wangeniamini mara moja, na gari lingewashwa, na ile asubuhi ya kwanza asingeonekana mtu amechuchumaa kwenye pilipili, na mimi ningevuka mtaro kwenda kuzifuta majani kwa kitambaa, kwa niaba yake, mama mwema.

Mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye kasha. Chunmi alihamisha ufunguo mkono mmoja kwenda mwingine, Bibi Bongnam alikuwa akimenya, Mzee Pyo alikuwa akimtazama Okjin vilevile kama mwanzo, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio lake zuri, akingoja jibu kwa adabu, na Okjin akainua mkono kuutoa ule utepe mdomoni, akapapasa midomo yake, hakukuwa na kitu, ganda lilikuwa limelala mapajani mwake zima, refu, limebanduka lote, sijui tangu saa ngapi, na watu wote walikuwa wamemwona amekaa pale ameuma meno matupu.

"Hukupulizia, Baba," alisema Okjin. "Lile bomba…"