Picha ya Kabla

Mama yangu amepiga picha nusu ya mji huu, na katika picha hizo zote yeye hayumo. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha kuzunguka na taa mbili ambazo haruhusu mtu kuzigusa. Watu wanamwita Mama Picha. Wanaingia na mashavu yao na usingizi machoni, wanatoka wamependeza, wala hawajui wamefanywa nini. Mimi najua. Taa ikipandishwa kidogo na kichwa kikisogezwa mbele, shingo nene inaisha. Kinachobaki anakimalizia kwenye kompyuta.

Shingo zote alizimudu isipokuwa yake. Chini ya kidevu chake kulikuwa na kifuko cha mafuta, kidogo tu, cha kujaa kiganja cha mtoto. Na si kwamba alikuwa mnene. Alijinyima chakula cha jioni, akatembea kila asubuhi, akapungua mpaka nguo zikampwaya, kifuko kikabaki palepale kimejikalia. Kwa sababu ya kifuko hicho, siku ya mahafali yangu Mama alikuwa nyuma ya kamera. Siku kaka alipopata mtoto, nyuma ya kamera. Sikuwa na picha hata moja ya mimi na mama yangu, na jambo hilo liliniuma sana.

Basi nilipochumbiwa nilimpa za uso: siku ya harusi atasimama ubavuni kwangu, la sivyo sitaki mpiga picha kabisa. Alipangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akasema amesikia kuna daktari anayeyeyusha mafuta kwa sindano, bila kisu. Kidevu kikitengenezwa, atasimama.

Mimi niliona ni upuuzi, lakini nilimtaka kwenye picha, nikakubali. Zikiwa zimebaki wiki mbili tukaenda. Njiani alinikanya nisithubutu kutaja harusi mbele ya daktari, maana ukitaja harusi hata maji ya kunywa yanapanda bei. Yeye mwenyewe huwa anapandisha, kwa hiyo alijua anachosema.

Ukuta wa kliniki ulikuwa na picha za wagonjwa, kabla na baada. Mama hakukaa. Alizisogelea moja moja, macho ameyakaza, anatafuta uongo. Anajua namna ya kumpiga mtu picha kwa taa mbaya akiwa amenuna, kisha kwa taa nzuri akiwa amenyanyua kidevu, ikaitwa dawa. Alitafuta vivuli, akatazama masikio kama yamekaa vilevile, mwisho akainama kutazama sakafu, ambapo palibandikwa vipande viwili vya selotepu pa kuweka miguu, ili kila mgonjwa asimame palepale, kabla na baada. Alirudi akaninong'oneza kwamba huyu daktari hadanganyi.

Daktari mwenyewe alikuwa dada wa rika langu, kucha fupi, sauti ya chini. Alikifinya kile kifuko kwa vidole viwili, akamwambia Mama ameze mate, aume meno, atazame dari. Alitueleza kwamba sindano yake inafaa mafuta tu. Kama ni ngozi iliyolegea au tezi, haina kazi pale, na asingeigusa. Kisha akachora vinukta kwa kalamu Mama akiwa amekaa wima, kwa sababu mtu akilala mafuta husogea na alama zikakosea. Mama alimtazama kama anavyotazama fundi mwenzake, na mimi shaka yangu ikaanza kunitoka.

Ndipo daktari akachukua kamera. Mama akagoma. Yeye hapigwi picha, na hata jirani anajua hivyo.

"Bila picha ya kabla sindano haitoki, Mama," daktari akasema. "Utasahau ulivyokuwa, na mimi nitasahau. Nitajuaje kama nimekusaidia? Na picha ya kabla haiguswi. Siwaruhusu hata wenzangu waihariri."

Mama alinitazama, akaitazama selotepu, akapiga moyo konde. Alisimama pale kama mtoto siku ya kwanza shuleni. Kamera ikalia, nami nikajikuta machozi yananilenga.

Daktari alikuwa ameshashika sindano alipouliza kama kuna shughuli yoyote karibuni. Mama akasema hakuna. Daktari akamweleza hata hivyo: kesho shingo itavimba kuliko ilivyo sasa, itakuwa na michubuko, na uvimbe unaweza kukaa hata zaidi ya wiki mbili. Mafuta yenyewe huondoka polepole, na huenda akahitaji kuchomwa tena. Nikasema harusi yangu ni baada ya wiki mbili.

Daktari aliirudisha sindano kwenye trei. Hakukasirika. Angeweza kufyata mdomo, akachoma, akachukua chake.

"Leo sikuchomi, Mama," akasema. "Kamwoze kwanza binti yako. Mimi nipo."

Tulirudi nyumbani. Nilimheshimu yule dada na wakati huohuo nilitaka kumlaani, maana nilijua Mama atarudi nyuma ya kamera na sitampata tena.

Siku ya harusi alikuja na kamera yake shingoni, kama kawaida. Mpiga picha tuliyemkodi akaita familia ya bibi harusi. Mama akafungua mkoba, akatoa selotepu, akakata vipande viwili, akavibandika sakafuni ubavuni kwangu na kuvikanyaga. Alimwamuru yule mpiga picha ashushe taa, iwe usawa wa uso. Kidevu hakukinyanyua.

"Hii ni ya kabla," akasema. "Ya baada tutapiga nikishapona."

Alirudi kliniki, akachomwa, akavimba, akakaa studio amejifunga skafu na kugombeza kila mteja. Akachomwa tena. Baada ya miezi kadhaa alinifungulia mlango, nikaona mstari wa taya ambao sikujua anao. Yule dada ana mikono, acha nimsifu. Picha ya baada tulikwenda kuipiga pale pa harusi, sakafu ileile, taa ileile, mimi ubavuni.

Juzi nilimkuta kwenye kompyuta. Picha ya harusi ilikuwa imejaa kioo kizima, na mshale umesimama juu ya kidevu chake cha zamani. Kazi hiyo ya kupunguza videvu huwafanyia wateja huku anapiga soga. Nilisimama mlangoni.

Akautoa mshale. "Haiguswi," akasema, bila kugeuka.

Nikamuuliza, na kipele kilichonitoka siku ile kwenye paji la uso?

"Na chako kinabaki."

Akaichapa picha kubwa, akaitundika ukutani mahali ambapo kila anayeingia ataiona kwanza. Mama Picha yumo.